Dada wa madera, A15 yake na A16 ya dirishani

Dada huyu anauza madera Ngamiani, hapa Tanga, kwenye fremu ndogo ya kupanga, lakini sehemu kubwa ya biashara yake haipiti mlangoni. Inapita kwenye simu. Akifungua mzigo asubuhi anapiga picha, anaweka status, anarusha kwenye magrupu ya WhatsApp, kisha siku nzima anajibu oda za Makorora, Chumbageni na Pongwe, pamoja na wateja wa Muheza na Korogwe ambao mizigo yao anaipakia kwenye magari ya abiria. Hela zinaingia kwenye simu hiyo hiyo. Anaowadai na wanaomdai, wote wamo humo. Simu yenyewe ni Samsung Galaxy A15 ya 4G, RAM (memori ya kuendeshea programu) GB 4 na hifadhi ya kutunzia vitu GB 128, aliyoinunua mpya mwaka 2024.

Wiki chache kabla ya Ramadhani alikuja kwenye meza yangu ya ufundi akiwa ameshaamua nusu.

"Fundi, simu hii imenichosha. Nataka A16. Nimeiona dirishani, na wameniambia niwape hii niongeze hela. Wewe unasemaje?"

"Dada, kabla sijasema lolote, imekuchosha kwa lipi?"

Akanipangia moja moja, kwa namna ya mtu aliyevumilia muda mrefu. Chaji haifiki adhuhuri. Simu inaganda, hasa anapofungua WhatsApp na mteja yuko hewani anasubiri. Memori imejaa, kila saa inamwomba afute kitu. Na picha zinamtia hasara: mteja anaona dera la bluu kwenye simu, likimfikia ni la zambarau, analirudisha.

Amenikubalia nikisimulie kisa hiki bila kumtaja jina. Nakisimulia kwa urefu kwa sababu swali hili naletewa mara kwa mara, na mara nyingi linakuja wakati hela imeshatoka na mwenye simu anataka tu kuambiwa kwamba amefanya vizuri. Huyu alikuja mapema, simu mkononi, hela bado iko kwenye biashara. Nilitaka tuitumie nafasi hiyo ipasavyo.

Simu mbili mezani

Niliandika kwenye karatasi kile ambacho karatasi ya bei dirishani haisemi. A15 ilitangazwa Desemba 2023, A16 ikafuata mwishoni mwa 2024. Kwa upande wa 4G, zote mbili zinatumia prosesa moja, yaani ubongo wa simu, MediaTek Helio G99, iliyotoka mwaka 2022. Sisemi zinafanana, ni hiyo hiyo. Hata A17 ya 4G iliyokuja 2025 bado imebeba G99. Betri ni 5,000 mAh (kipimo cha ujazo wa betri) kwa zote mbili, na kasi ya kuchaji ni wati 25 kwa zote mbili. Kamera kuu megapikseli 50 huku na huku, zile mbili ndogo megapikseli 5 na 2 huku na huku, ya mbele 13 huku na huku.

Kuna vilivyoongezeka, na ni haki kuvitaja. Kioo kimetoka inchi 6.5 kwenda 6.7. A16 ina kinga ya IP54, maana yake inavumilia vumbi na matone ya maji, si kuzamishwa kwenye ndoo. Na kubwa kuliko yote ni masasisho: Samsung waliiahidi A15 matoleo manne mapya ya Android na miaka mitano ya masasisho ya usalama, A16 wakaiahidi matoleo sita na miaka sita. Mtu asiye na simu kabisa, anayechagua kati ya hizi mbili kwa bei zinazokaribiana, nitamwambia achukue A16 kwa sababu hiyo peke yake. Lakini dada hakuwa mtu asiye na simu. A15 yake ina masasisho ya usalama mpaka mwishoni mwa 2028 hivi.

Kilichopungua ni tundu la earphone za waya. A15 linalo, A16 halina. Kwenye karatasi ni jambo dogo, kwake si dogo. Fremu yake iko barabarani, bodaboda zinapita, duka la jirani linapiga muziki, na wateja wake wengi wanatuma oda kwa sauti. Earphone za waya ndizo anazozisikilizia. Nilipomwonyesha hilo alinyamaza, akaishika ile waya yake akaizungusha kidoleni.

Halafu RAM. Ile A16 ya dirishani ilikuwa ya GB 4. Zipo A16 za GB 6 na za GB 8, lakini bei aliyotajiwa ilikuwa ya GB 4, sawa na aliyonayo. Kwa hiyo kule kuganda alikokuwa anakukimbia kungemsubiri kwenye boksi jipya.

"Dada, ukiichukua hii umeinunua simu yako mwenyewe mara ya pili."

Hapa niseme neno kwa wote wanaonunua siku hizi. Ukiona boksi au bango limeandikwa GB 8 na pembeni kwa herufi ndogo 4+4, RAM ya kweli ni GB 4. Zile nne za pili ni kipande cha hifadhi kinachoazimwa kufanya kazi ya RAM, na hifadhi haina kasi ya RAM hata kidogo. A15 ya dada ilikuwa nacho kipengele hicho pia, na kilikuwa kinazidi kuibana hifadhi ambayo tayari imejaa.

Ugonjwa wenyewe

Nilianza na chaji. Kabla ya kugusa betri mimi humulika tundu la chaji kwanza. Nilipoweka tochi nikaona rangi: nyekundu, kijani, njano kidogo. Nyuzi. Dada hutembea na simu kwenye mfuko wa dera lake, siku nzima anakunja na kukunjua vitambaa, na manyoya ya vitambaa yamekuwa yakiingia kwenye lile tundu na kila akichomeka waya anayashindilia zaidi. Yalikuwa yamekazana huko ndani kama godoro dogo. Waya haukuwa unafika mwisho. Ulikuwa unashikilia kwa ncha, usiku akijigeuza kitandani na waya ukaguswa, chaji inakatika. Asubuhi anaikuta simu na asilimia sitini, anadhani betri imekufa.

Niliizima simu nikayatoa kwa kijiti cha mti cha kuchokolea meno, taratibu, tabaka kwa tabaka. Nasisitiza kijiti cha mti. Sindano na pini zinakunja au kuunganisha vile vijino vya ndani, na hapo ndipo kazi ya kusafisha inapogeuka kuwa kazi ya kubadilisha mfumo wa chaji. Hapa Tanga tuna pia hewa ya chumvi, kwa hiyo nilikagua kama vijino vimeanza kutu ya kijani. Havikuwa vimeanza.

Chaja yake ilikuwa ya wati 5, ya kuokota barabarani. Betri ya 5,000 mAh ina karibu wati-saa (Wh) 19 za umeme ndani yake. Kwa wati 5 hiyo ni saa nne na zaidi hata ukiiacha simu imelala. Kwa chaja ya wati 25 inayokubaliana na simu hiyo ni saa moja na nusu hivi. Tulipochomeka ya kwangu, kioo kikaandika kwamba inachaji kwa kasi. Alisema maneno hayo hajayaona tangu mwaka ule wa kwanza.

Betri yenyewe niliipima kwa programu ya Samsung Members, kwenye sehemu ya uchunguzi. Haikusema dhaifu. Ingesema dhaifu ningemshauri abadilishe betri, tena ya uhakika, na bado gharama isingekaribia ile ya kubadilisha simu.

Basi kwa nini inakwisha haraka mchana? Hotispoti ilikuwa wazi, kijana wa duka la pili ameshaizoea. Mwanga wa kioo ulikuwa juu kabisa kwa sababu anakaa barazani. Na fremu ina kuta nene na paa la bati, mtandao ndani ni mfito mmoja, kwa laini zote mbili. Watu wengi hawalijui hili: simu ikiwa mahali penye mtandao hafifu huongeza nguvu ya kurusha mawimbi na haiachi kutafuta mnara, na hiyo hula chaji hata kama hujaigusa. Nilimwambia simu isikae kwenye droo ya ndani, ikae kwenye rafu ya karibu na mlango. Hotispoti ifungwe, na kijana aambiwe kwa upole anunue bando lake.

Kwenye memori ndiko tulikokaa muda mrefu. WhatsApp peke yake ilikuwa imekula zaidi ya GB 60. Magrupu yote yalikuwa yanapakua kila kitu chenyewe: mawaidha, vichekesho, vipande vya taarabu, video ile ile ya harusi imetumwa na watu kumi. Hifadhi ya simu ikikaribia kujaa, kasi inashuka, kwa sababu simu inahitaji nafasi tupu ili iandike kitu kipya. Isipoipata inaanza kupanga na kufuta kwanza, na wewe unaona inaganda. Dada aliwahi kushauriwa aongeze memori kadi. Shauri zuri, ila trei ya A15 inachukua ama laini mbili, ama laini moja na kadi. Yeye ana laini ya biashara na ya nyumbani. Na trei ya A16 ni hivyo hivyo, kwa hiyo kuhama kusingemfungulia nafasi ya kadi.

Kwenye mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya kudhibiti hifadhi. Inaweka pamoja faili zinazozidi MB 5, na pembeni zile zilizosambazwa mara nyingi. Nilitaka tuanze kufuta hapo hapo. Dada akanishika mkono.

"Fundi, ngoja. Madeni yangu yamo humo."

Kumbe daftari hana. Mteja akichukua dera kwa nusu malipo anatuma sauti: "Dada nimelipa elfu kumi, elfu nane nakupa tarehe tano." Hiyo ndiyo hati yake. Vipimo vya wateja wanaoshonewa vimo humo. Namba za wauzaji wa jumla wa Kariakoo zimo humo, wengine hata hajahifadhi majina yao. Nikaangalia bakapu, yaani nakala ya akiba, ya mwisho: miezi mingi iliyopita. Ilikuwa imekwama kwa sababu bakapu za WhatsApp za Android siku hizi zinahesabiwa kwenye GB 15 za bure za akaunti ya Google, na kwake zilikuwa zimejaa video.

Nilishtuka, na nikamwambia wazi kwa nini. Kama angekwenda dukani siku ile kubadilisha simu, yule kijana wa kaunta angeifuta A15 palepale mbele yake, kwa haki kabisa, ndivyo simu inavyopokelewa. Madeni ya msimu mzima yangekwenda na kitufe kimoja. Katika kisa chote hiki, hatari kubwa ilikuwa hiyo, na hakuna simu mpya ambayo ingeiponya.

Kwa hiyo kufuta kulisubiri. Alitumwa mtoto akaleta daftari la kaunta. Dada akawa anasikiliza sauti moja moja kwa zile earphone za waya, anaandika jina, dera, kilicholipwa, kilichobaki. Mimi nikawa naendelea na simu za watu wengine. Ilipoadhiniwa Alasiri alikuwa amejaza kurasa kadhaa, na amegundua watu wawili aliokuwa amewasahau kabisa. Ndipo tukaitoa video kwenye bakapu, tukafuta yaliyozagaa, bakapu ikapita, kisha tukasafisha WhatsApp na kuzima kupakua kwenyewe. Simu ikapata pumzi. WhatsApp ilifunguka bila kusubiri.

Zambarau na bluu

Suala la picha nililiheshimu sana, maana dera linalorudi ni nauli mbili na mteja mwenye kinyongo. Nilimwomba alete dera lenyewe lililorudishwa, zambarau ya jamii ya urujuani, na apige picha vile anavyopigaga: ndani, limening'inizwa ukutani, chini ya taa ya LED, dera limejaza picha yote.

Zambarau ni rangi inayozisumbua kamera za simu kwa ujumla, si A15 tu. Huwa inaelekea kwenye bluu. Juu ya hapo, kamera hukisia yenyewe mwanga ni wa rangi gani ili irekebishe picha, na inakisia kwa kuangalia vilivyomo. Ukiijaza picha kwa kitambaa cha rangi moja umeinyima cha kulinganishia. Na taa za LED za bei ya chini hazitoi rangi zote kwa usawa, kwa hiyo hata jicho linadanganyika kidogo. Kioo cha A15 nacho ni AMOLED, na kilikuwa kwenye hali ya rangi kali, ile inayofanya kila kitu king'ae; dada alikuwa anaikagua picha kwenye kioo kinachoongeza rangi, anaridhika, anatuma.

Tulitoa kwanza kile kiplastiki cha kulinda lenzi, kilichokuwa na mafuta ya vidole na ukungu wa manukato. Tukabadilisha kioo kwenda kwenye rangi za asili. Tukalileta dera mlangoni kwenye kivuli chenye mwanga wa nje, si juani, tukaweka leso nyeupe isiyo na ua pembeni ionekane kwenye picha. Picha ya pili haikuwa kamilifu, lakini mtu mzima angeita zambarau. Wakati mzuri wa kazi hiyo kwake ni saa tatu asubuhi, jua halijafika barazani.

Kisha kuna WhatsApp yenyewe, inayobana picha ili itumike haraka. Tangu 2023 kuna kitufe cha HD unapotuma; alikuwa hajawahi kukigusa. Picha ikipigwa na simu ya milioni tatu na kutumwa bila HD, mteja anapokea kilichobanwa vilevile.

Kwa haki ya simu mpya, A17 imeongeza kitu ambacho A15 na A16 hazina: OIS, yaani lenzi ya kamera kuu inasogea yenyewe kufidia mkono unaotikisika. Inasaidia pale mwanga ni mdogo na kamera inalazimika kukaa wazi muda mrefu. Mtu anayepiga picha za shughuli za usiku angeiona tofauti. Kwa dera lililotundikwa mlangoni saa tatu asubuhi, si sababu.

Hesabu

Dukani walimwambia A16 ni 430,000, yake wangeipokea kwa 150,000, aongeze 280,000. Hela hiyo hakuwa nayo pembeni. Ingetoka kwenye mzigo. Dera analolinunua Kariakoo kwa 12,000 analiuza 18,000. Kwa hiyo 280,000 ni madera 23 na chenji ya 4,000, na madera 23 yakiuzika yote ni faida ya 138,000. Hiyo ni kwa mzunguko mmoja, na Ramadhani mzigo hauzunguki mara moja. Idd ndiyo msimu wake. Kupunguza madera 23 wiki zile ili apate kioo kikubwa kidogo ni jambo nililompinga bila kuuma maneno.

Njia ya pili aliyotajiwa ilikuwa mkopo: kianzio 80,000, kisha 1,500 kila siku kwa mwaka. Elfu moja na mia tano haimtishi mtu, ndiyo maana imewekwa hivyo. Zidisha kwa siku 365 unapata 547,500, ongeza kianzio, jumla 627,500. Simu ya 430,000 imezidi kwa 197,500. Wapo ambao mkopo wa namna hii unawafaa, mtu ambaye bila simu hana kazi kabisa na hana namna ya kukusanya hela. Lakini simu za mkopo hujifunga malipo yakichelewa. Kwa anayepokea oda na hela kwenye simu hiyo hiyo, siku ikijifunga biashara imesimama, na hela ya kuifungulia ilikuwa itoke kwenye biashara hiyo.

Kulikuwa na njia ya tatu, kijana anayetembeza simu aliyesema ana A16 "mpya kabisa" kwa bei ya chini mno. Hiyo haikutuchukua muda. Nilimwambia akikutana na simu ya namna hiyo, abonyeze *#06#, alinganishe IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na ya kwenye boksi, kisha aitume namba hiyo kwa ujumbe kwenda 15090 aone majibu. Tuliopitia Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia nchi nzima, tunakumbuka watu walivyoamka na vioo visivyo na mtandao.

Dada yake mkubwa, aliyekuwa amekaa pembeni muda wote, akaingilia.

"Fundi, wewe unahesabu vizuri. Lakini mwanamke wa biashara anatazamwa. Akienda kwa watu wa Raskazone kupeleka mzigo na simu yenye kioo kilichopasuka kona, watamwonaje?"

Sikulipuuza. Biashara ya nguo ni biashara ya kuonekana, na mtu anayejiona amechoka hawezi kumwambia mteja bei kwa kujiamini. Ila kilichopasuka kilikuwa protekta, si kioo. Protekta mpya na kava safi havifiki bei ya madera mawili, na A15 ukiitazama kwa mbele, nani ataitofautisha na A16? Yule dada mkubwa aliikagua baada ya kuvalishwa, akairudisha bila neno, nami nikachukulia ameridhika.

Halafu akauliza swali lililobadilisha hesabu yote.

"Na mama je? Si ulisema ukipata mpya utampa mama hii?"

Mama yao yuko Pangani. Simu yake ni ya zamani, Android 4.4, na WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye toleo hilo Januari 2025. Ana mtoto wa kiume Muscat aliyekuwa akimtumia sauti na picha kwa WhatsApp kila Ijumaa. Tangu hapo hazimfikii mpaka mtu mwingine aende nyumbani kwa mama na simu yake. Dada alikuwa ameahidi. Na kama angeipeleka A15 dukani kwa 150,000, ahadi hiyo ilikuwa imekufa, jambo ambalo katika haraka ya kutaka A16 hakuna aliyelisema.

Kwa kweli hapo ndipo nilipoona mwenye haja ya simu mpya katika familia hii ni nani. A15 ya dada ilihitaji kijiti, chaja na daftari. Ya mama haihitaji kusafishwa wala kurekebishwa. Imefika mwisho wake kwa kazi anayoihitaji, na hakuna ufundi utakaoirudishia WhatsApp. Nikikutana na simu iliyofika hapo sishauri mtu avumilie. Na mama hahitaji G99 wala kioo cha AMOLED. Anahitaji kioo kikubwa, sauti inayosikika, chaji ya siku nzima, na Android inayoungwa mkono. Galaxy A06, ya mwaka 2024, ina kioo cha inchi 6.7, betri ya 5,000 mAh, na miaka minne ya masasisho ya usalama. Inatosha.

Tulilinganisha njia mbili zilizobaki. Moja, anunue A16 taslimu kwa 430,000 na A15 iende Pangani. Ya pili, abaki na A15 iliyosafishwa na mama anunuliwe A06, ambayo wiki ile ilikuwa 260,000. Ya pili inabakiza 170,000 kwenye biashara, na kila mmoja ana simu inayomfaa. Nilimwomba jambo moja tu, asinunue yoyote kabla ya Idd, mzigo kwanza. Dada mkubwa akasema watachanga wote wawili, na mgao wa kikoba unatoka baada ya sikukuu.

Baada ya Idd

Alirudi kuchukua protekta ya simu ya mama. A06 walikuwa wameinunua, laini ya zamani imehamishiwa humo na WhatsApp imefunguliwa kwa namba ile ile. A15 sasa inafika Isha ikiwa na chaji, isipokuwa siku anazosahau na kuirudisha kwenye droo. Madera mawili yalirudi msimu mzima, moja kwa rangi, moja kwa saizi. Daftari la madeni anatembea nalo.

Lililobaki ni video. Akitaka kuunganisha video ya mzigo kwenye CapCut, programu ya kuhariri video, huku WhatsApp na Instagram ziko wazi, simu inamtoa nje ya programu na kazi inapotea. Hilo nililijaribu mwenyewe mezani, ni RAM ya GB 4 imefika kikomo chake, na kusafisha hakusaidii. Kwa sasa anarusha video fupi zisizohaririwa, anafunga programu nyingine kwanza. Video zikianza kumletea oda nyingi kuliko picha, tutatafuta simu yenye GB 8 za kweli na kamera yenye OIS, kwa fedha taslimu, na iwe kabla hajaagiza mzigo wa msimu unaofuata au baada ya kuumaliza.